Tone Moja katika Pipa la Randu

Miaka ile ya mwanzo ya uhuru, mtu aliyefika Bodo asubuhi, kabla boti hazijavuka kwenda Funzi, alimkuta Biasha binti Tembo amechuchumaa nyuma ya duka la Randu. Mbele yake pana faneli kubwa, na ndani ya faneli pametandazwa kipande cha ngozi laini, kama kitambaa cha kuchujia tui. Hapana petroli iliyoingia katika mashine ya boti pwani ile bila kupita mikononi mwake. Wageni walikuwa wakisema, "Mwanamke huyu aipenda kazi yake." Wenyeji walicheka chini kwa chini. Wao walijua kwamba Biasha hakuletwa pale na mapenzi. Aliletwa na kisasi, na kisasi hicho alikilea miaka mitatu, akikiamkia mapema na kukilisha kila siku kama mtoto.

Kilizaliwa mwaka wa pili wa uhuru. Ushirika wa wavuvi ulikuwa umepata boti yenye mashine ya kupachikwa nyuma, ya kwanza kuonekana katika mkono ule wa bahari baina ya Bodo na kisiwa cha Funzi. Kazi yake ilikuwa kuzunguka asubuhi kukusanya samaki kwa wenye mitumbwi na kuwafikisha Bodo kabla lori la barafu halijaja kutoka Msambweni. Usukani alipewa Abdurahman, mume wa Biasha. Hakuwa msemaji, wala hakuwa na jamaa wakubwa katika kamati. Walimpa kwa sababu walipouliza nani asiyepaza sauti bahari ikichafuka, kila kidole kilimwelekea yeye. Siku aliyokabidhiwa alirudi nyumbani na debe la petroli la ushirika, akaliweka pembeni mwa mlango taratibu, kama mtu aliyekabidhiwa amana msikitini.

"Hili si letu," alimwambia mkewe. "Ni la watu."

Biasha alilitazama debe lile akaelewa. Kwao, chombo cha watu hakilali kichafu.

Miezi miwili mambo yalikwenda vyema. Halafu ikaja Jumanne moja, maji yanakupwa, boti imejaa samaki mpaka ukingoni. Katikati ya mkondo mashine ilikohoa mara tatu, ikanyamaza. Abdurahman alivuta kamba mpaka kiganja kikachubuka. Mkondo uliichukua boti ukaibwaga juu ya mwamba, na jino moja la rafadha, lile pangaboi la mashine, likavunjika. Walipopata kuvutwa kwa makasia hadi Bodo, lori lilikuwa limekwisha kuondoka. Jua la saa sita liliwamaliza samaki wote. Wavuvi waliokesha kuvua walisimama ufukoni wakatazama kazi yao ikifukiwa mchangani na kunguru wakipiga kelele juu yake.

Fundi Chengo aliitwa kutoka Msambweni. Alikuwa Mgiriama mwembamba aliyejifunza mashine Mombasa, asiyependa kuulizwa jambo mara mbili. Alifungua kabureta, akamimina kilichokuwamo katika bilauri ya kioo, akainyanyua juani.

"Tazameni wenyewe. Petroli huelea, maji huzama. Haya ya chini ni maji. Mashine imenyweshwa maji."

Petroli ya Bodo ilitoka mahali pamoja tu, pipa lililosimama nyuma ya duka la Randu. Biasha hakungoja kusikia zaidi. Alimfunga Kadzo mgongoni, mtoto wa miezi tisa, akaenda.

"Hodi, Mzee Randu."

"Karibu, binti. Sukari ama chumvi?"

"Nimekuja na swali. Petroli uliyomuuzia baba Kadzo ilikuwa na maji."

Wanaume waliokuwa wakinywa kahawa barazani walishusha vikombe. Randu alikuwa mtu wa Kinango aliyeteremka pwani zamani, mnene, mwenye meno madogo mengi, na aliyependa kuchekesha watu kuliko alivyopenda kuuza. Aliegemea meza yake.

"Mimi nina pipa, binti. Kisima sina."

Barazani wakacheka kidogo. Randu alipoona wamecheka, akaongeza.

"Mumeo alizoea kafi. Kafi haikohoi. Siku mashine ilipokohoa alishtuka, masikini, na debe lilikuwa karibu na miguu yake. Nani ajuaye? Pengine alijikojolea, na huo mkojo ukatafuta pa kuingia!"

Mmoja alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Biasha alisimama pale na mtoto mgongoni, akayahesabu yale meno madogo moja moja. Kisha akageuka akaenda zake. Neno lile lilimtangulia. Kabla hajafika kwake, watoto kisimani walikwisha kuliimba: "Abdu Mkojo! Abdu Mkojo!"

Jioni Mzee Chirau, mwenyekiti wa ushirika, alikuja akasimama mlangoni bila kuketi. Hiyo ilikuwa dalili mbaya.

"Abdurahman mwanangu, kamati imesema usukani ushikwe na mtu mwingine mpaka tujue maji yalitoka wapi. Si mimi. Kamati."

"Vyema, mzee," Abdurahman alisema.

Siku zilizofuata alikaa uani akifuma dema kuukuu la kutegea samaki ambalo hakuna aliyelihitaji. Alikula matonge matatu akanawa. Usiku hakujigeuza, na mtu asiyejigeuza usiku hajalala. Biasha aliyaona yote hayo, na kila aliloliona alilipeleka kwa Randu katika moyo wake. Tonge lililobaki sahanini aliliweka juu ya kichwa cha Randu. Watoto wakipita na wimbo wao, aliuweka juu ya ulimi wa Randu. Akienda kununua chumvi alimtazama anavyopima, akawaza vile vidole vinavimba, yale meno yanalegea, tumbo lile linakauka kama kibuyu. Akiwaza hivyo, alipata utulivu wa ajabu, na maziwa yalishuka vizuri, na Kadzo akanyonya akashiba.

Jumatatu alikwenda kwa Mwalimu Boga, mwenye chuo cha watoto, akiwa na ubani ndani ya leso.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

"Nataka Halbadiri isomwe."

Mwalimu alifunga kitabu kilichokuwa mapajani mwake. Dua ile ya kumwapiza mkosaji haiombwi kama maji ya kunywa. Kuna watu waliorudisha mbuzi wa wizi kwa kusikia tu kwamba itasomwa.

"Juu ya nani?"

"Juu ya Randu. Yeye ndiye aliyetia maji katika petroli ya mume wangu."

"Umemwona?"

"Maji yameonekana. Pipa ni lake."

"Sikiliza, binti. Mimi sitasoma jina. Litasomwa kosa, na kosa lenyewe litamtafuta mwenyewe. Hata kama amelala chumba kimoja na wewe, litamjia. Wala halimshiki peke yake. Hushika na kilichomo mikononi mwake."

"Na limtafute," alisema Biasha. "Na limshike yeye na vyote alivyonavyo."

Mwalimu aliuchukua ubani. "Ijumaa baada ya Alasiri, inshallah."

Siku ya Alhamisi Fundi Chengo alirudi na kikapu. Mzee Chirau alikuwa amemwomba atafute chujio la kutenga maji na petroli, ili ushirika usipate hasara tena. Watu walijaa ufukoni, chini ya kibanda cha kupimia samaki. Biasha naye alikuja akasimama mbele ya wanawake. Hakuja kwa ajili ya chujio. Alikuja kuona uso wa Randu maji yatakapoonekana.

Fundi alitoa vitu vitatu akavipanga juu ya meza ya samaki. Cha kwanza kilikuwa faneli yenye wavu wa shaba. Cha pili kikombe kidogo cha kioo chenye kofia ya chuma, cha kufungwa kwenye mpira unaopeleka petroli kwenye mashine. Cha tatu kilikuwa kipande cha ngozi ya kondoo, laini, rangi ya samli, kama zile ambazo madereva wa Mombasa hufutia vioo vya magari ya matajiri.

"Kioo!" wavuvi walipiga kelele. "Chukua kioo, kinang'aa!"

"Mwataka chujio au pambo la bibi harusi?" Fundi aliwakata. "Nyamazeni mwone."

Alitia petroli katika chupa, akaongeza maji kidogo, akatikisa, akamimina juu ya wavu wa shaba. Kilichoshuka katika bilauri kilikuwa na petroli juu na maji chini, vilevile. "Huu wavu huzuia mchanga na vipande vya majani. Maji hupita yakicheka." Akafunga kikombe cha kioo, akapitisha petroli ile. Maji yalijikusanya chini ya kikombe, wazi kabisa, na watu wakashangilia. Fundi akaendelea kumimina. Kikombe kilijaa maji mpaka shingoni, kisha maji yakaanza kupita. "Hiki ni kizuri kwa maji ya tone moja moja. Yakizidi, kinazidiwa. Na siku kikipasuka mkondoni, mtavuka Likoni mkatafute kingine mjini, na boti imekaa."

Akaichukua ngozi. Aliiloweka kwanza katika petroli safi, akaikamua, akaitandaza ndani ya faneli.

"Hii ina tabia yake. Ikianza kuonja petroli, hukataa maji. Ikianza kuonja maji, itapitisha maji siku nzima na itawaangamiza. Basi iloweke petroli kwanza, kila mara. Usiibadilishie."

Alimimina. Petroli ilipenya ikashuka. Maji yalibaki juu ya ngozi, yakabingirika kama shanga. Hakuna aliyepiga kelele safari hii. Walisogea tu.

Ndipo Biasha aliposema, kwa sauti iliyomshangaza mwenyewe, "Sasa ijaribiwe petroli ya pipa la Randu. Mbele ya watu wote."

Randu alicheka. "Karibuni! Leteni na pipa lenyewe mkitaka." Akaenda, akarudi na galoni limejaa, limetoka pipani wakati uleule. Fundi alimimina polepole. Petroli ilishuka yote. Ngozi ilibaki tupu. Fundi aliifunua, akaipitishia kidole, akakionyesha kidole. Hapakuwa na tone.

Biasha alihisi kama amekanyaga ngazi isiyokuwepo.

"Na lile debe?" Mzee Chirau aliuliza. "Leteni debe la boti."

Debe lilikuwa palepale, limechukuliwa alfajiri nyumbani kwa Abdurahman lilikolala siku zote, hata baada ya kunyimwa usukani, likajazwa kutoka pipa lilelile la Randu. Fundi alilinyanyua akamimina. Petroli ilishuka, ikashuka, na ilipokaribia kwisha, shanga zilianza kubingirika juu ya ngozi. Zikaungana. Maji ya kujaza kikombe cha kahawa.

Fundi aliligeuza debe, akatia kidole ndani ya mdomo wake. "Tazama ukingo huu umekunjwa ndani. Mtu akiliosha na kulifudikiza ukutani, maji hujificha katika mkunjo huu. Akilisimamisha na kutia petroli, yanateremka, yakalala chini mpaka siku debe litakapomiminwa hadi tone la mwisho. Nani huosha debe hili?"

Biasha aliliona debe machoni mwake kama alivyoliona kila jioni. Alilisugua kwa majivu, akalisuuza mara tatu kwa maji ya kisima, akalifudikiza penye ukuta. Chombo cha watu hakilali kichafu. Tena Kadzo alikuwa ameanza kutambaa na kulamba kila alichokikuta. Miezi miwili alifanya hivyo kwa mapenzi, hakukosa hata siku moja.

"Huliosha mimi," Abdurahman alisema kutoka nyuma ya watu.

Randu alipiga makofi. "Si niliwaambia? Maji yalitoka kwake mwenyewe!" Na ufuko mzima ulicheka, maana kila mtu alielewa maji gani.

Njiani kurudi, Biasha alitembea nyuma ya mumewe mpaka walipofika penye minazi.

"Kwa nini umesema uongo?"

"Nimesema uongo upi? Nyumba ni yangu. Kinachotoka nyumbani kwangu kimetoka kwangu."

"Watakunyima usukani kabisa."

"Wataninyima."

Aliingia ndani akamchukua Kadzo, akampa titi. Mtoto aliufumba mkono wake mdogo juu ya kidole cha mama. Hapo ndipo maneno ya Mwalimu Boga yalipomrudia. *Hata kama amelala chumba kimoja na wewe. Hushika na kilichomo mikononi mwake.* Alikitazama kilichomo mikononi mwake. Kesho baada ya Alasiri. Aliuweka ubani yeye mwenyewe, ndani ya leso yake mwenyewe, akaomba limshike mwenye kosa na vyote alivyonavyo. Kikulacho ki nguoni mwako, watu husema, na yeye ndiye aliyekuwa akila, na ndiye nguo, na ndiye mwili.

Ijumaa asubuhi mapema alikuwa mlangoni kwa Mwalimu, hajachana nywele.

"Usisome, Mwalimu. Nakusihi. Kosa ni langu."

Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. "Kutosoma ni rahisi, sitasoma. Lakini ulimtaja mtu, ukamtakia maangamizi. Nenda kamwombe radhi. Hilo siwezi kukufanyia mimi."

Alikwenda. Randu alikuwa akipanga viberiti. Biasha alimweleza yote, hakuficha hata Halbadiri. Kwa mara ya kwanza alimwona Randu bila kicheko. Uso wake ulikuwa wa mtu mwingine, mzee zaidi.

"Kwetu Kinango mtu hulishwa kiapo mbele ya watu," alisema polepole. "Akiwa hana kosa, hupona. Wewe ulitaka kunimaliza kwa siri, nikiwa napima chumvi yako."

"Naomba radhi, Mzee Randu."

"Radhi ya mlangoni ni ya mlangoni. Ulinishuku mbele ya watu. Utaniomba radhi mbele ya watu."

Basi baada ya sala ya Ijumaa, wanaume walipoteremka ufukoni, Biasha alisimama penye meza ya samaki. Kadzo alikuwa mgongoni. Abdurahman alitaka kumvuta, naye akauondoa mkono wa mumewe.

"Mimi Biasha binti Tembo ndimi niliyetia maji. Niliosha debe. Mume wangu amenistiri. Randu hana kosa."

Watu walitazama miguu yao. Mzee Chirau alikohoa akasema kwamba usukani unarudi kwa Abdurahman. Ngozi inunuliwe. Jambo lingekwisha pale, lakini Randu alikuwa amepata hadhira tena.

"Tena kuanzia leo, kila tone linalotoka pipani mwangu atalichuja yeye, huyu binti mpenda usafi! Ndimi zisinirudie."

Wakacheka.

"Na lile neno ulilomtolea mume wangu?" Biasha aliuliza. "Hulifuti?"

"Neno gani? Ule ulikuwa mzaha, binti. Mzaha haufutwi."

Biasha aliinama akaiokota ngozi mezani. "Nitachuja," alisema. Moyoni alimalizia: mpaka nikukamate.

Maana Randu alimwaibisha kwa haki, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Mtu aliyekukosea unaweza kumsamehe. Aliye na haki juu yako utamsamehe nini? Lakini lile neno la mkojo halikuwa haki, na Randu alikataa kulifuta, na watoto hawakuacha kuliimba. Hicho ndicho Biasha alichoshika. Alitaka tone moja tu kutoka pipa la Randu, lionekane mchana, mbele ya watu.

Alichuja miaka mitatu. Aliloweka ngozi petroli kwanza, kila mara, hakuibadilishia. Boti ziliongezeka zikawa nne, kisha sita, na hapana mashine iliyokohoa tena mkondoni. Manahodha walianza kumwita Mama Chujio na kumletea samaki wa kitoweo, changu na tasi. Alishukuru akapokea, lakini hakuwa akiwachujia wao. Kila ngozi aliyoifunua aliifunua kwa kumtafuta Randu.

Naye Randu alitoka kila asubuhi na mswaki mdomoni.

"Umepata tone, binti?"

"Bado, Mzee Randu."

"Endelea. Mtafutaji hachoki."

"Akichoka keshapata," Biasha alimjibu, na wote wawili wakatabasamu kwa meno.

Masika ya mwaka wa tano wa uhuru yalikuwa mazito. Pipa la Randu lilisimama wima mahali pake pa siku zote. Zamani palikuwa na paa la makuti juu yake, lakini upepo uliling'oa, na Randu, kwa uzito wa tumbo na wa uchumi wa duka, aliahirisha kuliezeka. Mvua ya kwanza ilipokatika, Biasha aliona maji yametuama juu ya kifuniko cha pipa, yamekizunguka kizibo. Fundi Chengo alikuwa amemweleza siku moja, walipokuwa wakikamua ngozi pamoja. Pipa hupumua. Mchana likipata joto hutoa pumzi, jioni likipoa huvuta, na kama maji yamelala juu ya kizibo, huvuta maji. Pipa la petroli hulazwa, alisema. Halisimamishwi mvuani.

Biasha aliyajua hayo. Angeweza kusema neno moja: Mzee Randu, laza pipa. Hakusema. Aliyatazama yale maji yaliyotuama, akayafunika kwa kimya chake, akaendelea kuchuja. Boti hazikuwa hatarini maadamu ngozi ilikuwa mkononi mwake. Siku ya pili ngozi ilibaki tupu. Ya tano ilibaki tupu. Aliamka kabla ya adhana, akawahi, moyo unampiga kama wa mtu aendaye kwa mpenzi.

Siku ya kumi na moja shanga zilibingirika.

Aliacha kumimina. Zilikuwa tatu, kisha saba, kisha zikaungana. Akamimina tena mpaka zikajaa kiganja. Aliyateremsha maji yale katika bilauri ya kioo, bila kumwaga hata kidogo, akasimama. Manahodha sita walikuwa wanangoja madebe yao. Barazani kahawa ilikuwa inanywewa.

"Mzee Randu!" aliita. "Njoo. Nimepata."

Randu alitoka na mswaki wake. Aliiona bilauri. Alilitazama pipa, akayaona maji juu ya kifuniko. Hakuwa mjinga. Alielewa mara moja limekuwa likinywa mvua tangu lini, na nani alikuwa akilitazama likinywa.

"Uliliona," alisema chini.

"Niliambiwa nichuje. Sikuambiwa nichunge."

Mtu mmoja barazani alicheka, kisha akaona hakuna mwenzake, akaacha. Nahodha mmoja aliichukua bilauri akaipitisha kwa wengine. Abdurahman alikuwa miongoni mwao. Aliipokea, akaitazama, akaipitisha kwa jirani.

"Unataka nini?" Randu aliuliza.

"Radhi ya mlangoni ni ya mlangoni. Sema kama nilivyosema mimi. Na lile neno la mzaha ulifute."

Randu alitazama kulia na kushoto, akitafuta mahali pa kuweka kichekesho. Hakupata. Alitoa mswaki mdomoni.

"Mimi Randu ndimi niliyetia maji," alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Pipa langu limeingia mvua. Na Abdurahman..." Aliutazama mswaki mkononi. "Abdurahman hakujikojolea. Hakujikojolea hata kidogo. Nilisema ili watu wacheke."

Mtoto wa kike mwenye miaka minne, aliyekuwa amekaa juu ya gogo akila muhogo, aliinua kichwa alipolisikia jina la baba yake. Biasha alimwona Kadzo anasikiliza. Alihakikisha amesikia.

Randu alijifuta uso. "Haya. Umeridhika, binti?"

Biasha aliitandaza ngozi upya ndani ya faneli.

"Bado," alisema. "Laza pipa."

Randu aliliendea. Alifuta maji juu ya kifuniko kwa kiwiko cha shati, akakaza kizibo, akalikumbatia pipa kwa mikono miwili, akajaribu kulipindua. Lilikuwa zaidi ya nusu. Lilinyanyuka kidogo upande mmoja, likarudi chini. Akajaribu tena, mishipa ya shingo imemtoka, miguu inateleza katika tope. Manahodha walisogea kumsaidia. Biasha aliwainulia kiganja, wakasimama.

Alimwacha ahangaike mara ya tatu. Ya nne. Alipomwona amepiga goti moja chini, kisogo kinatiririka jasho, alikunja leso yake kiunoni, akaenda upande wa pili, akainama, akashika.

"Bismillahi," alisema. "Inua."